Upande Wako wa Pikapu Umeinuka

Mama Wafula, mke wangu,

Leo asubuhi nimelitazama gari letu likiwa limesimama uani hapa New Site, Juba, nikaona tena kwamba upande wako umeinuka. Si sana, upana wa kidole tu. Mtu mwingine angepita asitambue. Mimi nimetambua, na ndiyo sababu nimeketi kukuandikia, ingawa barua hii haina pa kupelekwa, nawe umelala kule nyumbani Kenya, kando ya mama yangu, pale ulipochagua mwenyewe.

Unakumbuka gari lilivyokuwa refu tulipolinunua? Mkataba wa Amani wa Sudan ulikuwa bado mpya, nasi tulikuwa tumekuja Juba, mimi kufundisha, wewe kushona sare za shule. Kila mtu hapa alitaka gari la kwenda juu, kwa sababu ya mashimo na matope. Hata wewe ulilipenda hivyo. Ulikuwa ukirukia ndani kama msichana. Kisha maradhi yakaingia katika nyonga yako, na gari likawa ukuta. Jumapili moja mbele ya kanisa, kule Buluk, akina mama walikuletea kreti ya soda uikanyage, nami nikakushika kiunoni nikuinue. Ulitabasamu mbele yao. Tulipofunga mlango ukasema, "Baba Wafula, mimi si gunia. Nitapanda mwenyewe, au nitabaki nyumbani."

Jumapili iliyofuata ulibaki nyumbani.

Ndipo nilipokwenda kwa Ssalongo, yule fundi Mganda mwenye gereji karibu na Thongpiny, nikamwomba alishushe gari. Alicheka hadi akaweka spana chini. Kwao Kampala, alisema, wanaoshusha magari ni vijana wa muziki. Hapa Juba gari fupi litaacha tumbo lake barabarani. "Mwalimu, na hiyo mvi yote, sasa unataka kuringia nani?" Nilimweleza habari za nyonga yako. Hakutania tena siku hiyo. Alipunguza vipande vya springi za nyuma, akalegeza vile vyuma vinavyobeba magurudumu ya mbele, na kabla ya jioni gari lilikuwa fupi. Ulifungua mlango, ukageuka, ukaketi, ukaingiza mguu mmoja, kisha wa pili. Hakuna aliyekugusa. Ulinitazama kama mtu aliyeshinda kesi.

Furaha ile ilifika shimo la kwanza tu. Springi hazikuwa tena na nafasi ya kucheza. Kila shimo liligonga chuma kwa chuma, na kila pigo lilipanda hadi kwenye nyonga yako. Ulishika mlango, ukauma midomo njia nzima. Nilipokuuliza ulisema, "Limekuwa fupi, lakini lina hasira."

Tulihangaika nalo msimu mzima wa mvua. Tulipunguza upepo wa magurudumu. Likalainika kidogo, lakini usukani ukawa mzito na mipira ikalika pembeni. Mtu fulani kanisani alinishauri nipakie mifuko ya mchanga nyuma, eti uzito hutuliza gari. Likashuka zaidi, likagonga zaidi. Ssalongo akarudisha kipande kimoja cha springi, akakata ile mipira inayozuia ekseli isigonge fremu, akaagiza kwao shokabzoba fupi, zikaja na basi la mpakani Nimule. Kila alipozipa springi nafasi ya kucheza, gari liliinuka, nawe hukuweza kupanda. Kila alipolishusha, ulipanda ukaumia. Nawe ulikuwa pale kwenye kiti chake cha plastiki, ukimwambia kwamba hata nguo haikatwi bila mwenyewe kusimama mbele ya fundi.

Nadhani neno hilo ndilo lililomwingia. Siku moja alisema kosa letu lilikuwa kulipima gari likiwa tupu. "Mama akae kwanza. Gari inapimwa na mwenye anakaa." Nilifungua kinywa nimsahihishe Kiswahili, ukanikazia macho, nikakifunga. Alikata kijiti kwa urefu ambao mguu wako uliukubali, kutoka ardhini hadi kizingiti cha mlango. Kisha ukaketi ndani, naye akalala chini ya gari, akikaza na kulegeza upande wako, hadi springi zikabaki na nafasi ya kucheza, kijiti kikasimama sawasawa chini ya kizingiti, na gari lote, pamoja nawe, likakaa wima. Kijiti akakitundika ukutani, kwenye msumari wake peke yake.

Siku hiyo ulilala usingizi kabla hatujatoka Thongpiny. Unajua jinsi tulivyokuwa tukiendesha: gari ni la kutoka Uganda, usukani uko kulia, na hapa watu hupita kulia, kwa hiyo mimi sikuweza kuona mbele ya lori lolote. Wewe ndiwe uliyekuwa macho yangu. "Bado, bado, ngoja... haya, pita." Siku hiyo tulikuta lori la maji mbele yetu, likimwagika na kutambaa. Sikukuamsha. Nilikaa nyuma yake hadi New Site, nikila vumbi na matope yake, na kichwa chako kilitikisika polepole tu, kama cha mtoto anayebembelezwa. Sijawahi kuwa na furaha kama ile.

Kisha kijiti hakikugusa tena kizingiti. Tulikwenda gereji, ukaketi, Ssalongo akakisimamisha, na juu yake pakaonekana mwanga. Alilegeza kidogo. Mwezi uliofuata mwanga ulikuwapo tena. Alikuwa ameanza kujisemea kwamba gari imeinuka, labda springi, labda joto, ukamkatiza.

"Usiseme gari limeinuka, Ssalongo. Sema Mama amepungua."

Alitoka chini ya gari, akavua kofia, akaishika kwa mikono yake yenye grisi. "Mama, gari mimi nitashusha. Hiyo ingine si kazi yangu."

Nawe ukamshukuru. Ulipanda mwenyewe hadi siku ya mwisho tuliyokwenda hospitali. Nilisimama kando, mikono nyuma, kama ulivyoniagiza.

Niliporudi kutoka mazishini, Ssalongo alilikagua gari, akasema limeegemea upande wangu; anaweza kulirekebisha saa hiyohiyo, tena bure. Nilimwambia aliache. Aliingia ndani, akakitungua kijiti, akakilaza juu ya kiti chako, akafunga mlango taratibu.

Gari sasa ni laini kabisa, Mama Wafula. Linapita mashimo kama linayaomba radhi. Leo nilipotoka Buluk nilikuta lori la maji mbele yangu, na barabara, kwa jinsi nilivyokisia, ilikuwa wazi. Wengine walinipigia honi, wakanipita, mmoja akanitukana kwa Kiarabu. Nilipunguza mwendo, nikageuza uso kushoto, kwenye kiti chako, nikangoja uniambie nipite.

Nilikaa nyuma yake hadi nyumbani.

Pumzika, mke wangu, pasipo na shimo wala mtikisiko.

Mumeo,
Baba Wafula