Ukumbini Sikusimama

Mwanangu, kitindamimba wangu,

Nyumbani tunapumua, ila usingizi umenikimbia tangu wakufungie huko kwa yale uliyosema mkutanoni, kwamba maji ya bomba ni machafu. Kikohozi kimepungua? Sweta unavaa?

Jumamosi dada yako alinipeleka kwenye tamasha la muziki, eti nisishinde ndani nikiwaza. Bendi ilikuwa nzuri, lakini watu siku hizi! Mmoja alinikanyaga, hata pole hakusema, akaendelea kuongea na simu yake. Mara mshereheshaji akatangaza, "Tusimame wote, mgeni rasmi anaingia!" Kumbe ni yule mkuu wa wilaya aliyeamuru ukamatwe. Ukumbi mzima ukasimama kwa makofi. Mimi nikabaki kitini.

Mama mmoja nyuma yangu akanigusa bega. "Bibi, adabu!"

"Adabu ninayo, mwanangu ndiye sina," nikamjibu kwa sauti. "Huyo mgeni wenu akimwachia, nitasimama mpaka kuche."

Mkuu alisikia. Jana alituma mtu: mimi nikaombe radhi, na wewe ukiri kwamba ulidanganya, ndipo utoke. Dada yako ananibembeleza nikubali. Mimi radhi siombi. Maji nimeyachota leo asubuhi, yana rangi ya chai.

Wewe ukichoka, sema wanachotaka urudi. Mlango uko wazi, wala sitakuuliza neno. Ila usikubali kwa kunionea huruma. Machozi ya mama hayajawahi kuua mtu.

Ni mimi mama yako, niliyekuzaa mbishi na sijuti.