Skola Hakulia

Dada yangu Felista,

Kwa masikitiko makubwa, na kwa niaba ya ukoo wetu mzima wa hapa Mlabani, natangaza kwamba kile kiti chekundu cha plastiki kimevunjika mguu leo asubuhi. Mauti yalikikuta kikiwa kimekaliwa na mimi.

Unakikumbuka. Alituachia Mama Daftari, yule Mzungu mtafiti aliyekuja Ifakara mwaka tisini na nne kupima mapenzi ya watoto kwa mama zao. Jina lake lilitushinda, tukampa hilo kwa sababu daftari hakuliachia hata akila wali. Mkalimani wake nilikuwa mimi. Kiingereza nilijifundisha kwa redio na kwa kamusi iliyochanika kurasa za mwisho, kwa hiyo maneno ya kuanzia T kwenda mbele nilikuwa nabahatisha. Wewe ulinitangaza sokoni: "Mdogo wangu anaongea na Wazungu, na wanamwelewa!"

Nikakupeleka kwake wewe na mwanao Skola, wa miaka mitatu. Kwanza fomu. Nani anamlea mtoto? Ukataja: wewe, mama yetu, mimi, Mama Masanja jirani yetu Msukuma aliyemnywesha maziwa kila jioni, na ukiwa ng'ambo ya mto kwenye mpunga, nyumba yoyote inayofuka moshi. Mama Daftari akasema nafasi ni ya jina moja.

"Mmoja tu?" ukacheka. "Kwani mwanangu kakosa nini?"

Hata fomu za ofisi ya kata zina mahali pa "mengineyo". Ile haikuwa napo.

Kisha jaribio lenyewe: wewe utoke, Skola abaki na mgeni kwenye kiti kile, aangaliwe. Mlangoni uliinama ukamnong'oneza kwa Kindamba chetu, "Usilie mbele ya mgeni, mwanangu. Usiniaibishe."

Nilisikia. Mama Daftari akaniuliza umesema nini.

"Anamuaga tu," nikajibu.

Skola akakaa kama mgeni rasmi. Hakulia. Hata shikamoo alitoa. Uliporudi hakukurukia, alikutazama usoni aone kama amefanya vizuri. Nawe ulikuwa unang'aa.

Siku ya mwisho ukaniambia, "Mwulize, mwanangu kafaulu?"

Mama Daftari hakuwa mtu mbaya. Alieleza taratibu, kwa huruma, kwamba mtoto aliyeshikamana na mama yake hulia mama akitoka. Huyu hakulia. Basi inaonekana hajashikamana nawe sana. Nikatafsiri yote, safari hii bila kuacha neno. Ukasema, "Haya. Mwambie asante."

Pale ndipo nilipotakiwa kufungua mdomo. Niseme kwamba waliopimwa kwanza ni watoto wa kwao, wanaoshinda na mama peke yake mlango umefungwa, gauni likashonwa kwa miili yao. Sasa halimkai Skola, na anayelaumiwa ni Skola. Niseme kwamba mtoto alikuwa anakutii. Lakini ningesema hivyo, ningekiri pia kwamba neno kubwa kuliko yote nililiacha mlangoni. Na mimi nilipenda sana kuitwa mkalimani.

Wiki chache baadaye nilikukuta nyuma ya jiko, umejibanza, unachungulia uani.

"Dada, unafanya nini?"

"Shh! Nataka nione kama atanitafuta."

Skola alikuwa anatwanga mchanga kwenye kopo, anaimba. Ulisimama pale mpaka jua likakuchoma shingo. Hakukutafuta, alijua upo. Nikapita kama mtu anayewahi mahali.

Masika haya ulipougua, ukiwa kitandani, uliniambia, "Skola hatawasumbua. Yule hakunizoea sana." Miaka mitano ulikuwa umelibeba neno lile la Mama Daftari. Nilikushika mkono, nikasema, "Pumzika, dada." Ndiyo tafsiri yangu mbovu kuliko zote.

Msibani kwako Skola alikaa mkekani, miguu ameikusanya, macho makavu. Shangazi akaguna, "Kagumu haka katoto." Nikachuchumaa nikamwambia anaruhusiwa kulia.

"Wageni wakishaondoka, mjomba."

Siku ya tatu wakaondoka. Sitakueleza alivyolia. Mama Masanja alirudi mbio kutoka njiani akidhani tumefiwa tena.

Nimemwandikia Mama Daftari, nimeeleza ulichomnong'oneza. Hajajibu. Labda amehama, labda Kiingereza changu kimechoka. Kwenye daftari lake Skola bado ni mtoto asiyempenda mama yake, na kiti nimekifunga waya kwa sababu amekataa kitupwe.

Lala, dada. Nilichelewa kukutafsiria.

Ni mimi mdogo wako.

N.B. Siku ya jaribio saa nilishika mimi. Ulitoka chumbani dakika tatu tu.