Kigoda cha Mama Dukani

Kariakoo, Dar es Salaam
Septemba 1993

Mpendwa Euphrasia,

Pokea salamu zangu zenye harufu ya ubani na vitenge vipya. Hujambo huko Machame? Baridi inasemaje, na mama yako anaendeleaje na miguu yake? Mpe shikamoo yangu. Sisi hapa tunapumua, ila nina mengi ya kukueleza, kwa hiyo injika chai kwanza.

Unakumbuka baba alivyotetemeka mikono hadi akashindwa kukata kitambaa. Daktari Elisaria, jirani yetu wa ghorofani, alisema kwenye ubongo kuna kemikali iitwayo dopamini, na ya baba imepungua sana. Akampa vidonge vya kuiongeza. Shoga yangu, mikono ikatulia! Baba akarudi dukani, akawasha ubani, akashika mkasi. Nililia kwa furaha.

Baadaye siku zikaanza kwenda kama ndotoni. Unamjua baba, mzee Harilal, kwa ubishi wa bei. Mteja alikuwa anaondoka, anafika mtaa wa Gerezani, anarudi, naye hajalegea. Sasa akitajiwa bei ya kwanza anakubali. Na tangu serikali ifungulie biashara ya nje, wenye mali ya Dubai hawaishi kupita mlangoni. Alinunua chupa za chai, maua ya plastiki, na saa za ukutani mpaka vitenge vikakosa pa kutundikwa. Kila saa ilikuwa na wakati wake. Nilikuwa nakaa katikati ya milio ile nikisahau kama ni asubuhi au jioni.

Alasiri moja jua lilipenya vitambaa vya mlangoni, duka zima likawa la rangi ya chungwa. Baba alivuta kigoda, akakipangusa, akaniambia mama amekuja. Wajua mama yangu Falguni alifariki kabla sijajua kusema. Namjua kwa ile picha yenye shada ukutani. Baba alisema mama ananisalimu, na anauliza kwa nini nabania tangawizi kwenye chai. Tangu hapo akawa anakuja kila alasiri. Alisema nimerithi shingo yake. Nikawa nakizunguka kigoda kwa adabu, nisimkanyage pindo.

Daktari Elisaria alipokuja kununua shuka aliziona saa, akacheka, halafu akaniita pembeni. Alinieleza kuwa dopamini, pamoja na wenzake serotonini na noradrenalini, hufika mpaka sehemu ya mbele ya ubongo, nyuma ya paji la uso. Hapo ndipo tunapopanga, tunapojizuia, tunapofikiri kabla ya kutenda. Ni kama chumvi kwenye dengu, alisema: ikipungua huli, ikizidi huli. Akaniuliza kama baba anaona watu wasiokuwepo.

Euphrasia, nilimjibu hapana. Nilijua wazi ninachofanya. Vidonge vikipunguzwa mama ataondoka, na mimi ndiyo kwanza nimempata.

Wiki iliyofuata mgeni mmoja alimwomba baba amwachie duka alifanye ghala. Akataja bei, na baba akaitikia papo hapo, akaanza kutafuta funguo. Nilipanda ngazi mbio bila viatu nikamweleza daktari kila kitu. Mgeni tukamwondoa kwa maneno matamu, na vidonge vikapunguzwa. Mikono imerudi kutetemeka kidogo, na baba ameanza tena kubishana bei mpaka wateja wanamnunia. Nilishukuru, na nilikuwa na huzuni kama ya msibani.

Lakini kila alasiri kigoda kikaendelea kuvutwa, na salamu za mama zikaendelea kuja. Niliogopa dawa bado imezidi. Jana nikamuuliza baba waziwazi kama anamwona. Alikunja kitenge taratibu, akasema haoni kitu zaidi ya kigoda, tangu dawa ilipopunguzwa. Ila aliona jinsi uso wangu unavyong'aa nikipata salamu zile, akafikiri sana, akaamua asinikatie salamu hizo ghafla.

Nimerudia maneno yake usiku kucha. Akafikiri sana, akaamua. Baba yangu amepona, Euphrasia, na mama yangu hayupo.

Wasalimie wote nyumbani, watoto wabusu kwa niaba yangu. Chai ya leo nimeijaza tangawizi mpaka baba kakohoa.

Ni mimi rafiki yako akupendaye,
Bharti