Kitambaa cha Mfuko wa Koti Lako

Baba,

Mdogo wangu Awuor ameolewa. Nimeanza na hilo kwa sababu ungekuwa hapa ungeniuliza hilo kabla ya salamu, kisha ungeuliza la pili: wanaume walivaa nini? Walivaa, Baba. Wengine walivaa vizuri, wengine walivaa tu. Bwana harusi alikuja na suti inayong'aa kama sufuria mpya, na mfukoni mwa kifua satini nyekundu inayong'aa kuliko suti, na tai nyekundu ya satini hiyo hiyo, vyote vimetoka boksi moja. Nilimwangalia nikasikia sauti yako sikioni: "Koti likipiga kelele, kitambaa kinyamaze." Lakini sasa ni shemeji, na anampenda Awuor kwelikweli, kwa hivyo nimemsamehe. Nusu.

Mimi bado niko Kondele, kwenye cherehani yako. Duka halijafungwa. Mwanzoni wateja walikuwa wanachungulia mlangoni wakiuliza, "Fundi yuko?" nami nikiwa nimekaa hapo hapo na futi shingoni. Nilikuwa nawajibu kwamba fundi ni mimi, na kwamba kama wanatafuta ndevu, kinyozi yuko mlango wa pili. Siku hizi wanaingia na kukaa. Vijana wanaojiandaa kwa mahafali ndio wengi, wanakuja na picha kwenye simu wakitaka kitambaa cha mfukoni kilichokunjwa kama ua. Nawafanya vile ulivyokuwa unafanya wewe. Nawaambia, inama kama unayefunga kamba za viatu. Kitambaa kikianguka, basi kimekatwa kidogo au ni hariri inayoteleza, tunarudi mezani. Huwa wanacheka wakiinama. Hapo mimi huingia nyuma nikajifanya natafuta vifungo, kwa sababu kicheko kile kilikuwa chako, wewe ndiye uliyekuwa ukikianzisha, na hata sasa kikianza bila wewe siwezi kukaa nacho chumba kimoja.

Lakini nimekaa kukuandikia habari za lile koti la kijivu.

Unakumbuka koti lenyewe, sufi nyepesi, ulilolishona ukisema ni la kuozesha binti. Hukuwahi kuozesha. Tulipogawa nguo zako baada ya mazishi, wazee walimpa Baba mdogo Okello. Sikuwa na neno. Ni ndugu yako, mabega yenu ni ya mama mmoja, na ilikuwa wazi kwamba yeye ndiye atakayemwingiza Awuor kanisani siku ikifika. Nililia, nikalipiga pasi, nikampa.

Siku ikakaribia. Awuor akaja hapa na kipande kilichobaki cha gauni la Mama, satini nzito ya zambarau. Unajua mtindo wa harusi za siku hizi: mama wa bibi harusi akivaa kitambaa fulani, baba anakatiwa tai na kitambaa cha mfukoni kutoka humo humo, watu wajue hawa ni nyumba moja. Akaniambia nimkatie Baba mdogo. Nikaitandika satini mezani nikaanza kuihesabia kifundi: koti halina mng'ao, kwa hivyo linaweza kubeba satini, nikate kubwa isizame mfukoni, pindo nilivingirishe kwa mkono, si kwa mashine, maana pindo la mashine husimama kama waya. Hesabu yote ilikuwa sawa. Sikujua kwamba huko nyumbani koti lilikuwa limeshaanza safari yake lenyewe.

Baba mdogo alikwenda nyumbani Bondo kuzungumza na Mama mambo ya viti na kuku wa wageni. Akavaa koti, ati alizoee. Jua lilikuwa la kuchoma. Mama akaleta ugali na samaki wa mchuzi, na Baba mdogo, akiogopa mchuzi kuliko anavyoogopa watu, akavua koti akalitundika kwenye msumari ulio nyuma ya mlango. Msumari wako. Akala, akashiba, akaaga, akapanda gari la kurudi kwake Mamboleo akiwa na shati tu. Koti likabaki.

Baba, wewe unawajua watu wetu. Kuna wajane waliohesabiwa kuwa wamerithiwa kama wake, kwa koti tu la shemeji kutundikwa nyumbani mwao, hakuna jingine lililofanyika. Jirani aliyekuja kuomba chumvi aliliona. Kesho yake Mama alipokwenda kuchota maji alikuta ameshapongezwa. Wazee nao wakapata kazi. Mmoja akasema, "Hii koti ni ya marehemu, na marehemu hawezi kurithi bibi yake mwenyewe." Mwingine akasema koti ni la mgongo ulioingia nalo. Walibishana mpaka chai ikaisha, kisha wakabishana juu ya chai.

Mimi nilicheka niliposikia. Nilicheka mpaka Mama aliponipigia simu. Hakuwa anacheka. "Achieng, mimi nilisema siku ya kwanza sirithiwi na mtu, hata na kofia. Mwambie Okello asikanyage hapa. Na huko kwa harusi sikai karibu na yeye." Koti akaliweka kwenye gunia pamoja na mihogo, akalituma kwangu. Lilifika likinuka udongo.

Halafu Baba mdogo naye akapiga. Sauti ilikuwa imemwisha. "Nyathina, mtoto wangu, mimi nilivua hiyo koti juu ya samaki tu. Sasa watu wananiangalia namna gani? Mimi sikuji. Nitatuma mbuzi." Mkewe, Mama Risper, hakupiga. Hakusema neno kwangu wala kwa mtu yeyote, na kimya cha mwanamke yule ndicho kilichoniogopesha kuliko maneno yote ya wazee.

Awuor akaja akakaa kwenye kigoda cha wateja, akalia. Hakulilia mapambo wala keki. Alisema, "Kama hakuna mtu wa Baba wa kunishika mkono, siingii kanisani. Wacha tuahirishe." Nikamwambia ataingia. Sikujua ataingiaje. Nikimvalisha Baba mdogo ile zambarau, nitakuwa nimemaliza kazi ambayo msumari uliianza, mbele ya kanisa zima. Nisipopata kingine cha kuwanyamazisha watu, hatakuja, na mdogo wangu atabaki mlangoni.

Basi nikatoa boksi lako la vipande. Nikalitundika koti dirishani penye mwanga, nikaanza kujaribu. Nilianza na kitani cheupe, nikakikunja ule mkunjo wako ulionyooka, ukingo mmoja tu ukionekana. Nikarudi nyuma nitazame... nikakitoa mbio. Ndicho tulichokuzika nacho. Nikajaribu hariri ya bluu yenye vidoadoa, ikawa Jumapili yako. Nikajaribu pamba ya kahawia, ikawa siku ile uliyonipeleka shule ya ufundi ukatembea mbele yangu ili usionekane na machozi. Hakuna kipande mle ambacho hakijui kifua chako. Nikafunga boksi nikakaa chini, Baba, na nilikukasirikia. Nisamehe. Nilisema kwa sauti, "Ungeniachia hata kimoja ambacho si wewe."

Aliyekuja na jibu ni Mama.

Alikuja bila kusema anakuja. Mama yule yule ambaye miaka yote hakuvuka kizingiti cha duka lako, akidai linanuka jasho la waume za watu. Akaingia na mkoba wake wa kanisani, akakaa, akakataa soda, akaliangalia koti muda mrefu. Kisha akasimama akaingiza vidole viwili kwenye mfuko wa kifuani, taratibu, kama anayepima uji wa mtoto. Mfuko ulikuwa mtupu. Akaniuliza, "Baba yenu alikuwa anasema nini, tai na kitambaa?"

Nikamwambia: visifanane kama mapacha, visalimiane kama majirani.

Akasema, "Basi mimi na Okello ni majirani. Mama Risper anavaa nini?"

Baba, tulikuwa tumepanga gauni la Mama, gauni la bibi harusi, nguo za wasimamizi, hata kofia za wazee. Katika mipango yote hiyo hakuna mtu aliyeuliza mke wa Baba mdogo atavaa nini. Tulimchukua mume wake tukamsimamisha kando ya mwanamke mwingine, tukamvika rangi ya mwanamke huyo, kisha tukashangaa kwa nini amenyamaza. Mama akachukua simu yangu akampigia mwenyewe. Sikusikia upande wa pili. Nilimsikia Mama tu akisema, "Njoo na gauni yako. Ndiyo, sasa. Mimi niko hapa kwa mzee wangu."

Kwa mzee wangu. Alisema hivyo.

Mama Risper akaja na kitenge, pamba ya kijani iliyotulia, ina majani madogo ya manjano. Pindo la chini lilikuwa refu, nikakata kipande humo bila gauni kupoteza kitu. Najua unavyosema, kitenge juu ya sufi ni kama kuvaa ndala na soksi. Ngoja nikueleze kwanza. Nilikifua mara mbili kutoa ile nta inayokifanya kiwe kikavu kama karatasi. Nilikipiga pasi kingali na unyevu. Nikavingirisha pindo kwa sindano, nyuzi zikifichwa ndani. Tai nikachagua ya kijivu iliyokolea isiyo na ua, ili kijani kisishindane na mtu. Sikukikunja mkunjo wako. Nilikishika katikati nikakiacha kilegee, kikatoka juu ya mfuko kwa unyenyekevu, jani moja la manjano likichungulia. Niliporudi nyuma kutazama sikukuona wewe. Nilimwona mtu wa Mamboleo anayeogopa mchuzi.

Mama Risper alitazama mkunjo ule, kisha kwa mara ya kwanza akafungua mdomo. "Haya. Sasa huyo ni wangu." Akacheka. Mama akacheka. Walicheka wakishikana mikono juu ya meza yako ya kukatia, nami nikasogeza mkasi wasijikate.

Siku ya harusi Baba mdogo akaja, na mbuzi akaja pia. Alimwingiza Awuor kanisani akitembea polepole mno, kana kwamba amebeba maji. Nilikuwa nawaangalia wazee wetu. Macho yao yalianza kwenye koti, yakashuka kwenye mfuko, yakavuka hadi benchi la pili ambapo Mama Risper amekaa na kijani chake, ameinua kichwa. Yule mzee wa mabishano akanong'ona, nami nilikuwa nyuma yake, "Aa. Hapo sawa." Shauri la koti likaisha bila kikao.

Kile kipande cha zambarau kilikuwa bado kwangu. Nilikivingirisha pindo pia. Nilikishona kwa mkono pande zote nne, kazi safi kuliko zote nilizowahi kufanya, huku nikijua hakina mfuko wa kwenda. Asubuhi ya harusi Mama aliniomba nimpe. Sikumuuliza kwa nini. Alikishika kiganjani ibada nzima.

Baada ya kanisa mpiga picha akaita, "Wazazi wa bibi harusi!" Mama akasimama kulia kwa Awuor. Baba mdogo na mkewe wakaja, lakini wakaacha nafasi kati yao na Mama. Yule kijana akapunga mkono: "Mzee, songa kwa mama. Songa kabisa, mnaacha nafasi kubwa!" Baba mdogo akababaika. Mama akanyoosha mkono wenye kile kitambaa upande ule, sawa na kimo cha kifua chako.

"Wacha hivyo," akasema. "Hapo kuna mtu."

Baba mdogo mwenyewe akarudi hatua nyingine nyuma, akakupisha.

Picha zimetoka. Kijana amenipigia leo akisema hiyo moja ya wazazi imeharibika, ila si neno, ana kompyuta, anaweza kuwavuta watu wakaribiane ionekane vizuri. Ndiyo sababu nimekaa kukuandikia. Nimemkataza, kwa maneno ambayo Mama asingependa kuyasikia.

Kwaheri, Baba yangu. Pumzika. Duka nitalifungua kesho, na nitaendelea kuwainamisha vijana mpaka vitambaa vikae. Na hili nakuahidi: maadamu nina macho, picha ile haitaguswa na mtu. Nimeipima hiyo nafasi kwa jicho tu, bila futi. Ni mabega yako.

Mwanao,
Achieng