Maji Niliyoyateka Bondeni Masasi

Mama Zuhura, mwanangu, mdomo wako una kazi gani, kama hukuniambia kwamba wakwe wa mwanao wanaanika maji wapate chumvi? Mwili mzima, uso sina. Nimefika kwao nimekuta vidimbwi vimeachwa juani. Mtu wa Newala, anayefuata maji mbali kila siku, atatazamaje maji yakikauka bure? Nikawafokea, "Wavivu nyie!" nikayateka yote mtungini, pamoja na tope lake.

Mama mkwe wa Zuhura hakunitukana. Alisema tu, "Bibi, onja."

Nikaonja. Zuhura akajifunika kanga usoni. Chumvi yao ya kiangazi nimeikoroga matope!

Mboga ya leo haina chumvi, naila bila kuinua macho. Wajukuu wangu wabusu. Sitoki huku mpaka vidimbwi vijae tena. Wewe mlete jogoo wangu mwekundu, umkabidhi mama mkwe kwa magoti, tuombe radhi.