Chokaa kwenye tangi la Suguti

Suguti, Jumatano, Machi 1984

Si mihogo ya Mama Magesa iliyoharibu maji. Ni chokaa yangu, na leo nimekaa kimya.

Maji ya mto yanafananaga na chai ya rangi, sababu ya majani na matete yanayooza ndani yake. Shabu ya kuyatakatisha imetuishia, na ofisi ya maji ya Musoma inasema fedha za kigeni hakuna. Jana nikamwaga chokaa kwenye tangi nikidhani itafanya kazi ileile. Asubuhi bomba likatoa maji yaliyokoza kama kahawa.

Wanawake wakasema ni Mama Magesa, anayeloweka mihogo upande wa juu wa mto. Wakaniuliza, "Fundi, si ndiye?"

Nikasema, "Labda."

Mwenyekiti akaamuru mihogo yote iopolewe. Ni ile michungu, haijalowa vya kutosha sumu itoke. Watoto wake wataila hivyo hivyo.

Jioni mke wangu alinikamulia ndimu kwenye chai, ikapauka palepale. Hapo nikaelewa. Ndimu ni asidi, inapausha rangi ya majani. Chokaa ni alkali, inaikoleza. Nilisomaga haya chuoni.

Nilikuwa natafuta viatu niende kwa mwenyekiti, Mama Magesa akapiga hodi. Amebeba kuku.

"Nisamehe mwanangu," akasema. "Nimekuharibia maji yako."

Kuku yuko jikoni, amefungwa mguu. Nilimpokea kwa mikono miwili, nikamwambia mama yamekwisha.