Kuhusu Bao la Borgovaldo

Mpendwa Yaya,

Natanguliza heshima ambayo sisi watu wa Uvira, kule Kongo, humpa ndugu mkubwa kwa kumwita jina hilo, nawe uliitwa hivyo na timu nzima, hata na waliokuzidi umri. Baada ya heshima hiyo naomba niingie katika shauri lenyewe. Nimekasirika. Tangu tulipokuzika hapa Durban nimekulilia kwa adabu, nimekuombea misa, nimemtembelea mkeo kila nilipopata nafasi. Barua hii ni ya malalamiko, na nimeiacha wazi kwa sababu wako wengi katika jiji hili waliovaa jezi yako ya kahawia na wanaostahili kusikia nilichotendewa.

Unakumbuka ngazi za nyuma ya kanisa, Uvira. Padri Silvano aliketi pale kila baada ya misa ya pili, akimenya papai kwa kisu kidogo, na wewe uliketi ngazi ya chini yake ukiwa bado na kanzu ya utumishi. Mimi nilikuwa mdogo mno. Nilichokifuata ni papai. Wewe ulifuata hadithi. Padri alizaliwa Borgovaldo, mji mdogo wa Italia kaskazini, ambao hata Waitalia wenyewe, alivyosema, huupita kwa treni bila kufumbua macho. Alikuletea jezi kuukuu za klabu ya mji huo, na pamoja na jezi akakukabidhi historia yake, kama mtu anavyokabidhi shamba na mipaka yake.

Nitaieleza kwa ufupi kwa manufaa ya wasioijua. Klabu ya Borgovaldo iliundwa na wafanyakazi wa viwanda vya ngozi. Walicheza katika uwanja wa kuanikia ngozi, walinuka, na wageni walikuja wameziba pua. Jezi zao zilikuwa za kahawia kwa kuwa walizitia rangi katika mapipa yaleyale ya magome waliyotumia kazini, bila kumwomba tajiri ruhusa. Klabu ilifilisika mara ya kwanza viwanda vilipofungwa. Paroko akawapa uwanja wa watoto wa katekisimu, nao wakaanza upya chini kabisa, wakipambana na timu za wachinjaji na wapeleka barua. Wakapanda daraja baada ya daraja, kwa subira ya watu wasio na kingine cha kufanya Jumapili. Wakafika ligi kuu. Walikaa humo msimu mmoja tu. Wakashuka, wakafilisika tena, na wanawake wa mji wakaifufua kwa kuuza keki mbele ya kituo cha treni.

Na katikati ya msimu ule mmoja, Yaya, kulikuwa na bao.

Ulilisimulia hivi, nami naweza kulirudia nikiwa usingizini. Borgovaldo ilisafiri kwa treni hadi jiji kubwa kucheza na mabingwa. Golini alisimama mjomba wake Padri, mwoka mikate, aliyetoka kazini alfajiri ileile na unga bado uko masikioni. Mabingwa walipiga kila walichoweza kupiga. Mwoka mikate alidaka kila kitu, na dakika za mwisho Borgovaldo ikapata bao lake. Moja bila. Mji mzima ulienda kituoni kuipokea treni.

Ulipoanzisha timu yetu hapa, uliipa jina la Borgovaldo, na ulipata kitambaa cha kahawia katika duka moja Isipingo, kitambaa kilichokusudiwa kuwa sare za shule. Watu walitucheka. Timu ya Watanzania ilituita Mchuzi wa Maharage, na hadi leo haijaacha. Wewe hukujali. Ulitusimamisha mduara kabla ya kila mchezo, ukatuhoji kama babu zetu walivyohoji watoto juu ya ukoo wao. Tulizaliwa wapi? Kwenye ngozi. Tulinuka? Tulinuka. Tulikufa mara ngapi? Mara mbili. Tulifufuka mara ngapi? Mara tatu. Mgeni alipouliza inawezekanaje kufufuka mara nyingi kuliko kufa, ulimwonyesha mduara wetu wa vinyozi, walinzi na madereva, ukamwambia ufufuo wa tatu ndio huu, na umekosa kocha. Kisha swali la mwisho: wakubwa tuliwafanya nini? Nasi tulijibu kwa sauti iliyofika barabarani, moja bila.

Mimi nilikuwa katibu. Nilikubali cheo hicho kwa sababu ninajua kuandika. Kiswahili hiki sikupewa na mwalimu yeyote; nilikiokota katika redio na katika kamusi isiyo na jalada, nikawaandikia majirani maombi yao kwa ofisi ya wakimbizi, na wengi walifaulu. Wewe ulinitania mezani mbele ya wageni. "Mdogo wangu," ulisema, "ukiomba chumvi, mtu anafikiri unaomba viza." Nilicheka pamoja nao. Lakini ilipofika kuieleza historia ya klabu kwa wachezaji wapya, uliniachia mimi, ukasema nikiisimulia mimi inasimama wima. Nilijivunia jambo hilo kuliko nilivyokuonyesha.

Sasa nifike kwenye kosa.

Mwezi uliopita tulikutana na Watanzania. Mduara ulisimama, mimi nikihoji kwa niaba yako, na tulipofika kwenye jibu la mwisho, nahodha wao Hamisi, yule fundi wa friji, alijibu kabla yetu kutoka upande wa pili wa uwanja. "Nne bila," alisema, bila hata kupaza sauti sana. "Mlifungwa nne, Mchuzi. Tumeangalia." Wenzake wakaanguka chini kwa kicheko. Trésor, kiungo wetu anayetengeneza simu mjini, alitoa yake mfukoni, akatafuta kwa Kiitaliano, akaifanya simu itafsiri. Alisoma hadi mwisho. Kisha akaniita mzee kwa Kifaransa, akaniambia, "Vieux, njo vile. Ine kwa zero. Hakuna match yoyote walishinda kwa ile mji."

Nilimjibu kwamba kumbukumbu za mtandao huandikwa na yeyote mwenye vidole, na kwamba nilipokea habari hii kwa ndugu yangu, aliyeipokea kwa Padri, aliyekuwa mpwa wa golikipa mwenyewe. Nilisema maneno hayo mbele ya timu mbili, Yaya, kwa Kiswahili nilichokuwa nacho bora kuliko chote, na niliahidi uthibitisho. Tulifungwa mchezo ule. Jioni hiyohiyo Trésor alipeleka hoja kwenye kamati: kwa kuwa jina letu limesimama juu ya uongo, tulibadilishe, na yuko mwenye duka aliye tayari kutupa jezi nyekundu za timu kubwa ya Uingereza. Mkutano ukapangwa. Kama hoja ile ingepita, Borgovaldo ingekufa mara ya tatu, nami ndiye ningeandika muhtasari.

Nilikwenda saluni kwa mkeo, shemeji Béatrice. Alikuwa anamsuka mteja, hakusimamisha mikono. Nilimweleza shauri lote tangu mwanzo, kwa mpangilio, nikamwomba anisaidie kwa neno lolote ulilowahi kumwachia juu ya bao lile.

"Alijuaka," alisema.

Nilimwomba arudie.

"Tangu Uvira alijuaka, shem. Padri aliwaambia ine. Aliwaambia batu ya ule mji baliimba mu treni mpaka nyumbani, na ine yao." Alivuta uzi, akaendelea. Wakati ule tulipofukuzwa majumbani hapa Durban kwa kuwa wageni, familia nyingi zililala kwenye mahema Isipingo, na wanaume walilala mchana kutwa wakitazama turubai. Siku ya kwanza uliwasimulia msimu wa ligi kuu kama Padri alivyousimulia, na kipigo chake. Hakuna aliyeinua kichwa. Kesho yake ulirudi kwenye mchezo uleule, na safari hii ilikuwa moja bila. "Baliamka kutafuta mpira," alisema. "Minakumbuka, sababu balichukua gunia yangu kutengeneza ule mpira."

Nilimuuliza kwa nini basi hukuniambia mimi, katibu wako, ndugu wa tumbo moja.

"Sababu ungeomba ukweli uandikwe. Unajua ile tabia yako."

Mteja akacheka chini ya mikono ya shemeji. Mimi niliaga kwa heshima nikatoka.

Naomba uelewe ukubwa wa jambo hili. Si uongo wenyewe unaoniuma. Mahitaji ya mahema yale nayafahamu. Linaloniuma ni kwamba ulinihukumu bila kunisikiliza. Ulinituma mbele ya kila mchezaji mpya na maneno uliyojua hayana miguu, ukaniacha niyasimamishe wima. Kila nilipotia chumvi ya lugha juu ya mwoka mikate na unga wa masikioni mwake, wewe ulikuwa kando umekunja mikono, unatabasamu, nami nilidhani unatabasamu kwa fahari.

Siku ya mkutano tuliketi kwenye majani kando ya uwanja, watu wakiwa bado na nguo za kanisani. Nilisimama. Nilikuwa nimeandaa hotuba yenye utangulizi, na Trésor alinisihi nifupishe, basi nikafupisha. Niliwaambia kwamba uwanjani mabingwa walitufunga nne, kwamba Yaya alijua, na kwamba bao letu lilifungwa Isipingo, ndani ya hema. Nilisema pia kwamba sina utetezi.

Kisha Pascal, beki wetu wa kushoto, yule anayeendesha lori la makontena bandarini, aliinua mkono. Unamjua, huzungumza mara moja kwa msimu.

"Mie nilikuwaka mule," alisema. "Nilisikia ya ine. Kesho yake nikasikia ya moja. Mambo mbili zote kwa kinywa ya Yaya."

Trésor alimuuliza kwa nini hakusema lolote miaka yote hii.

"Niseme nini? Nilichagua."

Wengine wawili wa siku zile walitikisa kichwa kukubali. Walijua wote, Yaya. Kila mtu aliyelala kwenye mahema yale alisikia hesabu zote mbili na akajibu moja bila kwa hiari yake, akiwa mtu mzima. Mimi sikuwa humo. Mwajiri wangu wa Pinetown alikuwa amenificha katika stoo ya kiwanda chake. Kwa hiyo katika timu nzima uliyoiunda, wasiojua walikuwa vijana waliokuja baadaye, na katibu.

Sikumbuki niliketi saa ngapi. Niliwasikia wakibishana. Trésor ndiye aliyeumaliza ubishi, na kwa sababu ambayo wewe ungeipenda. "Eish, basi tuseme ine," alisema. "Tukisema siye wenyewe ine, Hamisi atasema nini tena?" Walicheka. Hoja ya jezi nyekundu iliondolewa na mleta hoja mwenyewe, na muhtasari nimeuandika kwa ukamilifu. Jina linabaki. Kahawia inabaki. Ukitaka kujua kama kazi yako imeharibika, jibu ni kwamba haijaharibika, na sina hakika kama napaswa kukupongeza.

Jumapili iliyopita tulicheza nao tena. Trésor ndiye aliyehoji, nilimwachia. Tulizaliwa wapi, tulinuka, tulikufa, tulifufuka. Wakubwa walitufanya nini? Nne bila, wakajibu wote, kwa sauti kubwa kuliko tuliyowahi kuitoa kwa ushindi, na Hamisi alibaki mdomo wazi kama mlango wa friji. Vijana wanalipenda jibu hilo. Wanalisema kama watu waliopewa tuzo. Pascal pia alilisema. Naona amechagua tena.

Mimi sikulisema, na nadhani sitaweza kulisema, na kwa hilo pia nakulaumu. Baada ya fujo kutulia ulikuja mwenyewe Pinetown kunichukua. Nilikuwa sijazungumza na mtu kwa siku nyingi, na nilipofunguliwa mlango wa stoo sikuweza kutaja hata jina langu sawasawa, mimi mwenye maneno. Hukuniuliza kitu. Tuliingia kwenye teksi, viti vya nyuma, ukaanza kunisimulia kuhusu mwoka mikate. Hukunipa hesabu za kuchagua. Ulinipa moja bila peke yake, ukanishika goti, na kabla hatujafika mjini nilikuwa ninakurekebisha namna ya kulisimulia vizuri zaidi.

Ungeweza kuniambia baadaye. Ulikuwa na miaka ya kuniambia, na ningeihifadhi siri hiyo kuliko mtu yeyote, kwa lugha ambayo hata Hamisi asingeipenya. Mduara unapofika kwenye jibu lile, mimi hunyamaza, na vijana wanadhani katibu amenuna. Waache wadhani. Bao ulilonipa kwenye teksi ile bado ninalo, na sijui nimrudishie nani.

Pumzika, Yaya. Sijakusamehe bado, nitakuarifu kwa njia rasmi.

Mdogo wako